Kioo Cheupe, Webuye hadi Kanduyi

Safari hii ilitokana na jicho la kushoto la mama yangu. La kulia lilikuwa limeshaondolewa mtoto wa jicho katika hospitali moja ya macho huko Bungoma, na tangu bandeji itolewe Mama hakuwa na kazi nyingine ila kuona. Alisoma majina ya maduka kwa sauti. Alimwambia mke wangu kwamba sufuria zetu ni chafu, jambo ambalo miaka yote hiyo alikuwa hajalisema kwa sababu hakulijua. Daktari alitaka la kushoto lifuate upesi kabla halijawa gumu kutibu. Mama alikubali, ila kwa sharti alilolitoa mbele ya familia nzima, amesimama na mkono kiunoni.

"Hili la kulia likiendelea kuona, nitaenda," alisema. "Lakini likinidanganya hata mara moja, la kushoto libaki na giza lake. Mimi sikatwi mara mbili bure."

Hakuna aliyebishana naye. Kumpeleka kukawa juu yangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye gari.

Saboti, asubuhi, mlima ulikuwa bado umejifunika na nyasi zilikuwa zimelowa. Nilipakia gunia la viazi na kabichi za kumpelekea mwenyeji wetu, Mama Nekesa, ambaye zamani alikuwa jirani yetu wa ua kwa ua hapa Saboti kabla mumewe hajastaafu wakahamia kwao Kanduyi, pale mtu anapoingilia mjini Bungoma. Mama alikaa mbele, upande wangu wa kushoto, na mfuko wake wa nguo akaupakata. Alikataa uwekwe nyuma pamoja na viazi.

Mama haanzi safari bila maombi, na huyafanyia ndani ya gari, milango imefungwa, ili majirani wasisikie anavyowataja. Aliombea barabara, akaombea madaktari, akaombea mume wa dada yangu aache pombe, akarudi tena kwa barabara. Aliposema Amina, kioo cha mbele kilikuwa kimeshika ukungu kwa pumzi zetu hata geti sikuliona.

Ukungu huo sisi watu wa Saboti tunaujua. Unatoka kwa watu walio ndani, na dawa yake hapa kwetu ni kitambaa, kisha kiyoyozi kielekezwe kwenye kioo. Nilipangusa, nikageuza kitufe upepo wa baridi ukaanza kupiga kioo, na muda si muda geti likaonekana. Nikajiona dereva wa maana. Kitufe hicho sikukigusa tena, na hapo ndipo balaa yote ilipoanzia, ingawa wakati huo nilikuwa nimeridhika na nafsi yangu.

Kitale tuliingia soko likiwa limechangamka. Mama alitaka kumnunulia Mama Nekesa leso, na kwa kuwa sasa aliona rangi, alikataa leso za vibanda vizima kabla hajapata moja aliyoipenda. Tulikula chakula cha mchana. Kwenye kituo cha mafuta msichana wa pampu alituoshea kioo cha mbele.

"Sasa mum," alimsalimia.

"Mzuri. Hapo juu umeacha," Mama akamjibu akimwonyesha kwa kidole. "Hapo kwa kona. Kuna kitu imeganda."

Msichana akarudia kona ile, na kweli palikuwa na mavi ya ndege. Mama akanitazama aone kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

Kutoka Kitale tulisafiri madirisha yakiwa yamefungwa kabisa, kwa sababu hospitali ilikuwa imemwonya asipigwe na vumbi wala upepo. Alivaa miwani nyeusi. Hata hivyo, alisoma kila kibao: kanisa, shule, duka la mbolea, kanisa lingine. Kiminini alihesabia wenye shamba la mahindi makosa ya palizi. Mimi nilijibu "ndiyo, Mama" na kuangalia matuta.

Kamukuywa nilipita bila kusema neno, na nina sababu. Hapo ndipo Mama aliposhuka garini kwangu siku moja, aliponisikia nikimwambia fundi kwa simu kwamba breki zinanuka. Alishuka na mfuko wake, akasimama kando ya lami, akatangaza kwamba yeye amezeeka lakini hajachoka kuishi. Ilinibidi nimtafutie usafiri mwingine. Tangu siku ile habari za ugonjwa wa gari hazizungumzwi akiwa ndani. Likigonga, nakohoa. Likinuka, nasema ni watu wanachoma takataka.

Misikhu mvua ilitukuta, ile ya alasiri inayokuja yote kwa pamoja. Niliwasha waipa na nikapunguza mwendo. Trekta la miwa lililokuwa likitokea njia ya shamba upande wetu wa kushoto lilipiga dimbwi, na dirisha lote la upande wa Mama likapakwa matope. Mama alisema tu, "Huyo naye." Hakusema zaidi kwa sababu mbele bado aliona vizuri na alikuwa na mengi ya kusoma.

Webuye mvua ilikatika. Kwetu mvua ikikatika baridi huzidi, lakini Webuye jua lilitoka kali, lami ikaanza kufuka mvuke, na hewa ikawa nzito, yenye unyevu wa kugandisha shati mgongoni. Tulikuwa tumeshuka sana kutoka Saboti. Nilizima waipa, kwani kioo kikiwa kikavu huwa zinalia, nikakunja kulia kufuata barabara kuu ya Bungoma, na kwa ajili ya joto nikakaza kiyoyozi hadi mwisho. Upepo ulikuwa bado unapiga kioo, kama nilivyouacha Saboti.

Ukungu ulianzia chini, juu tu ya dashibodi, mstari mwembamba mweupe. Sikuujali. Ukapanda. Tulipoacha nyumba za mwisho za Webuye ulikuwa umefika usawa wa kidevu changu, na lori lililokuwa mbele yangu lilikuwa limebaki nusu ya juu tu. Nilifanya nilichofundishwa na maisha ya Saboti: nikaongeza upepo. Ukapanda mbio zaidi.

Hapo niliogopa, nasema wazi. Barabara ile ina malori ya kwenda mpakani, matrekta ya miwa yasiyo na taa, na bodaboda wanaobeba milango na magodoro. Ningesimama kando, lakini kusimama kungeleta swali, na swali lingeleta jibu, na jibu lingemshusha Mama kwenye matope na jicho lake lililokatazwa vumbi na upepo. Kuwasha waipa pia nisingeweza, kwa sababu zingelia kwenye kioo kikavu naye angeuliza. Ndivyo nilivyofikiri. Nilingoja ainamishe kichwa, nikapangusa upande wangu kwa kiganja, kwa haraka ya mtu anayefukuza nzi. Hakikubadilika kitu. Kiganja kilirudi kikavu, na hilo lingetosha kunifumbua, lakini nilikuwa nakodolea taa nyekundu za lori ili nizifuate.

Kitu kingine kilikuwa kimebadilika ndani ya gari na nilichelewa kukiona. Mama alikuwa ameacha kusoma. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso yake, akaivaa. Akaivua tena. Alitazama mikono yake juu ya mfuko, akatazama mbele, akatazama mikono tena. Kisha akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akaliachilia, akaliziba.

"Mama, uko sawa?" nilimwuliza tulipokuwa tunakaribia Bukembe.

"Niko sawa. Wewe endesha." Akanigeukia. "Na wewe uko sawa?"

"Niko sawa."

Nikateremsha dirisha langu kidogo, nikasema ni joto, nikatoa nusu ya uso nje nione ukingo wa lami. Siku nyingine angenikaripia kwa kuingiza upepo. Safari hii hakusema kitu, alikaa tu, mikono imekumbatia mfuko. Nilishukuru ukimya ule. Sikujiuliza umetoka wapi.

Kanduyi tulifika jua likiwa bado lipo, nikiwa nyuma ya lori lile lile, shati limenilowa. Nilizima injini. Mama Nekesa alitoka nje mbio, mikono imejaa unga.

"Mulembe, mulembe! Kalibuni! Mama Karanja, ebu nikuone. Ati siku hizi unaona mpaka sindano?"

"Naona kidogo," Mama akasema.

Jibu hilo lilinishangaza, kwa mtu aliyeona mavi ya ndege kwenye kona. Mama Nekesa alimshika mkono, akamzungusha uwanjani amwonyeshe migomba, ndama, na jiko jipya la nje. Mama alitazama kila kitu, akakubali kwamba anakiona na ni kizuri, lakini alikuwa akisema kwa sauti ya mtu aliyealikwa matanga. Kuku alikuwa tayari ameshachemka. Tulinawa, tukakaa, na kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai Mama aliweka chake mezani.

"Kesho hatuendi hospitali," alisema. "Tutalala hapa, asubuhi turudi nyumbani."

Nilimwuliza kwa nini. Alisema amebadilisha nia. Nikamwambia kwamba daktari anamngoja, kwamba jicho likikomaa zaidi kazi itakuwa ngumu, kwamba wajukuu wamekwisha kumwombea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Karanja, mimi ni mama yako. Nimekwambia mara moja."

Mama Nekesa alinitazama, nami nikatazama chai. Moyo uliniuma, kwa sababu niliamini nimelijua jibu: alikuwa amegundua gari. Kwa vyovyote alikuwa ameona kioo kile cheupe, akanyamaza kwa adabu ya ugeni, na sasa hakutaka kupanda tena gari linaloficha barabara. Nilijilaumu. Jicho la mama yangu lingebaki na giza kwa sababu ya mkweche wangu. Nikaona kwamba nikiliponya gari jioni ile ile, huenda nikampata.

Kwa hiyo nilitoka peke yangu nikaingia garini. Mvua nyingine ndogo ilikuwa imenyesha na uwanja wote wa Mama Nekesa ulikuwa unafuka joto. Niliwasha injini, nikafunga madirisha, nikaweka kiyoyozi vile vile kilivyokuwa njiani. Nikangoja. Mstari mweupe ukatokea chini, ukapanda, ukafunika migomba, ukafunika jiko jipya, ukafunika baraza alipokuwa amekaa Mama. Nikachukua kitambaa nikasugua. Nilisugua upande wangu, nikasugua upande wa abiria, nikapiga magoti kwenye kiti nikasugua kwa nguvu za mikono miwili. Kitambaa kilibaki kikavu na ukungu ukabaki pale pale.

Wakati huo Mama Nekesa alikuwa anapita na beseni la nguo alizotoa kwenye kamba. Alisimama mbele ya gari. Nilimwona kama kivuli. Sidhani alikuwa na wazo lolote la ufundi. Ni mwanamke asiyeweza kupita kitu kilicholowa bila kukifuta. Alishika ncha ya leso yake mpya, ile tuliyomletea kutoka Kitale, akapangusa kioo kwa nje mara moja, kutoka huku hadi huku, kama anavyofuta meza wageni wakiingia.

Njia pana ikafunguka. Ndani yake nilimwona Mama Nekesa, nyuma yake migomba, na nyuma ya migomba baraza, na Mama yuko pale amesimama, ananitazama.

Maji yalikuwa nje. Muda wote kutoka Webuye yalikuwa nje. Chupa ya soda ikitolewa kwenye friji hufanya hivyo hivyo, hutoka jasho kwa nje, na hakuna mtu aliyewahi kuingiza kitambaa ndani ya chupa. Nilikuwa nimekipoza kioo kwa baridi ya Saboti nikakipitisha katika joto bichi la Bungoma, na kila nilipoogopa nilikipoza zaidi.

Mama alishuka barazani akaja polepole. Sehemu ambayo Mama Nekesa hakuifuta ilikuwa bado nyeupe. Aliweka kidole pale, akachora mstari, akakitazama kidole chake kilicholowa.

Nilizima injini nikatoka.

"Hii ilikuwa hapa njiani?" aliuliza.

"Ilikuwa, Mama."

"Kutoka Webuye?"

"Kutoka Webuye."

"Kwa hivyo ni gari."

"Ni gari. Nilijua umeona. Ndiyo nilikuwa natengeneza, ili kesho ukubali kupanda."

Aligusa kioo tena, mahali pengine, akachora mstari wa pili. Kisha akakaa kwenye kizingiti cha jiko, mzito, akaficha uso kwenye viganja.

"Nilikuwa naona mikono yangu vizuri," alisema kutoka humo ndani. "Mfuko nauona. Mbele ndiyo siioni, nyeupe tupu. Na wewe unaendesha tu, unasema uko sawa. Nikasema, Karanja anaona barabara, ni mimi peke yangu nisiyeona. Jicho limeanza kuniacha, limeanzia mbali. Hapa nikashuka, likarudi. Lakini kitu kikienda mara moja si kitaenda tena?"

Nikachuchumaa mbele yake. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega, ukungu mmoja mbele yetu sote wawili, kila mmoja akimfichia mwenzake. Mimi nilimfichia gari. Yeye alinifichia upofu. Nilimwonea huruma kwa mwendo wote ule kutoka Webuye, amekaa kwenye kiti kile akiaga vibao vya barabarani bila kumwambia mtu.

"Ungeniuliza," nilisema.

"Wewe ungeniambia." Akainua uso. "Kwa hivyo ulikuwa huoni, na ukanipeleka hivyo hivyo mbele ya malori?"

"Nilifuata taa."

"Taa," Mama akarudia. Kisha machozi yakamtoka, na kicheko kikamtoka nyuma yake, akawa anafanya vyote viwili.

"Wewe usirie na hiyo jicho bana," Mama Nekesa akamwambia, akimpa ile ile leso iliyolowa, kisha akaikumbuka na kumnyang'anya, akampa nyingine safi kutoka kwenye beseni. "Kesho daktari akiuliza nani aliiliza, mimi nitasema ni Karanja."

Hospitalini, asubuhi iliyofuata, tulifika kwa gari lile lile. Upepo niliuelekeza miguuni na baridi nikaipunguza, na kioo kilikaa kisafi njia nzima, ingawa njia yenyewe ni fupi. Nesi alimkalisha Mama mbele ya ubao wa herufi, akamziba la kushoto.

"Hili la kulia linakusumbua, mum?"

"Halinisumbui," Mama akasema. "Lilisingiziwa tu."

Nesi aliniangalia. Nikamwambia aendelee. Mama alisoma ubao hadi chini, akaongeza na jina la kiwanda kilichouchapa, lililokuwa pembeni kwa herufi za kuonekana kwa taabu. Wakamchukua ndani. Alirudi na bandeji kwenye jicho la kushoto, akiuliza kama tulimwekea kuku aliyebaki jana.

Kurudi, tuliondoka Kanduyi baada ya daktari kumruhusu, tukiwa na mkungu wa ndizi na kuku mwingine, huyu mzima, amefungwa miguu karibu na gunia lililokuwa la viazi. Mama aliomba kabla hatujaondoka, na katika maombi aliingiza kioo.

Nilichojifunza si kingi. Ukungu wa Saboti hukaa ndani ya kioo na ule wa Bungoma waweza kukaa nje, na anayetoka mahali pamoja kwenda pengine aguse kioo kabla hajachagua dawa. Ukiwa wa nje, punguza baridi, uondoe upepo kwenye kioo, upitishe waipa. Hayo fundi yeyote angeniambia. La pili ni kwamba sasa likigonga gari, nasema limegonga. Mama bado hapendi kulisikia, lakini hashuki.

Karibu na Bukembe mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na lami ilifuka vile vile. Mama alilalamikia joto chini ya bandeji, akanyoosha mkono mwenyewe akakaza kiyoyozi, akageuza na kitufe kingine asichokijua, upepo ukarudi kwenye kioo. Mstari mweupe ukatokea juu ya dashibodi. Ukapanda. Mbele yetu lilikuwepo trela la miwa, likaanza kufifia. Niliona Mama anaweka mikono juu ya mfuko.

"Karanja, unaona?"

"Sioni vizuri, Mama. Wewe?"

"Hata mimi sioni," akasema, na sauti yake haikuwa na hofu hata kidogo. "Washa waipa."

Nikaziwasha. Zililia kwenye kioo kama nilivyojua zitalia, trela likarudi lote, na nyuma ya trela kibao cha kanisa, naye akakisoma.